Teraflopsi za Kiboriloni

Wapeni heshima vijana wetu wa Kiboriloni. Tangu asubuhi wanalinganisha kadi mbili za grafiksi: RTX 3060 ya 2021, teraflopsi 12.7, memori GB 12. Na RTX 4060 ya 2023, teraflopsi 15.1, memori GB 8. Ubishi mzito, tena wa haki. Hata sisi wazee tunajua kilele cha Kibo kina mita 5,895 na cha Mawenzi 5,149, na hatujavuka geti la Marangu. Mlevi wa kawaida huonja mbege kwanza. Hawa wameanza na ujazo wa kata, mbege itafuata. Kompyuta yenyewe? Ipo, pale steshenari, inachapa barua za posa. Umeme ukirudi, itawashwa.