Namna ya Kuua Kompresa Bila Kulaumiwa

Kompresa haifi ovyo. Ile ya mkanda, yenye pampu ya chuma kizito na tangi refu jekundu, ile unayoiona kwa fundi wa pancha kila kituo cha bodaboda kuanzia Chepseon hadi Silibwet, hudumu miaka mingi ikipata oili yake tu. Kwa hiyo mwenye nia ya kununua nyingine kabla hajamaliza kulipa mkopo wa chama lazima ajitahidi. Mwongozo huu ni wake.

Anza dukani. Huku kwetu kuna watu wanaoweza kutazama chai kavu kiganjani na kukwambia hii ni PF1, ile ni D1, na hii nyingine ilikaushwa vibaya. Watu hao hao wakifika duka la spea husema, "Nipe oili." Fuata mfano wao. Usiulize oili ya kompresa yenyewe, ile iliyoandikwa ISO 100, au ISO 68 kwa wenye asubuhi za baridi, wala SAE 30 isiyotiwa viungo vya kusafishia. Chukua 20W-50 iliyobaki Probox ilipofanyiwa sevisi. Oili ya gari imetengenezwa ishikilie uchafu usitue, kusudi chujio liudake. Pampu ndogo ya kompresa haina chujio la oili, basi uchafu utazunguka humo kama abiria asiye na nauli. Na ile oili kidogo inayopenya kwenye ringi itaungulia kwenye vali ya kutolea hewa, ambako joto hupita nyuzi 100 bila taabu, na kuacha masizi magumu. Vali ikishindwa kufunga sawasawa, mashine itanguruma muda mrefu kujaza tangi ililokuwa ikilijaza kwa dakika chache. Wewe laumu stima.

Kama kompresa yako inaendeshwa na injini ya petroli, kumbuka kuna oili mbili, ya injini na ya pampu. Angalia moja, inatosha. Na kama ni ile ndogo yenye kelele isiyotumia oili kabisa, itafutie tu mtu wa kuimiminia kupitia mdomo wa kuvutia hewa. Hapo kazi huisha mapema.

Sasa kukagua. Ubavuni mwa pampu kuna kioo kidogo chenye duara jekundu. Oili inatakiwa ifike katikati ya duara hilo, mashine ikiwa imezimwa na imesimama mahali tambarare. Tambarare ndilo neno la kuepuka. Vibanda vyetu viko kwenye miteremko ya kando ya barabara, kwa hiyo tia jiwe chini ya gurudumu moja na kioo kitasema unalotaka kusikia. Oili ikipungua, ile fimbo ndogo iliyo chini ya konrodi, inayorusha oili huku na huku ndani ya pampu, itachapa hewa tupu, na pistoni itajitafuna yenyewe. Ikizidi, itatoka pamoja na upepo. Fundi wa pancha hatajua. Jirani yake anayepuliza rangi atajua, boneti ya mteja itakapoota vidoa kila mahali rangi ilipokataa kushika.

Hapa msomaji wa Mombasa atatuonea wivu, kwa sababu nchi yenyewe inatusaidia. Mji wa Kericho uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Pistoni huvuta kilichopo. Kazi inayomalizwa na kompresa ya Mombasa kwa mapigo manne, yetu huimaliza kwa matano, na oili huzeeka kwa saa za kazi. Juu ya hayo kuna unyevu. Pampu inayofanya kazi dakika tatu kisha ikalala mpaka bodaboda mwingine apige kelele, "Fundi, weka upepo nyuma, nimebeba majani," haipati moto wa kutosha kukausha maji yanayojikusanya ndani yake. Maji hayo huingia kwenye oili, na siku moja kioo kitakuonyesha chai ya maziwa. Mahali pengine wangeshtuka. Sisi tumelelewa na rangi hiyo, iache.

Ile koki ya chini ya tangi ni ya kumwaga maji kila jioni. Hapa naacha mzaha kidogo: tangi lililoliwa na kutu kutoka ndani likipasuka na upepo wake wote, haliui kompresa peke yake. Fungua hiyo koki. Na ule waya uliofungia vali ya usalama kwa sababu ilikuwa inakupigia kelele, utoe leo. Haya, tuendelee kuua.

Kuhusu kubadilisha oili, vijitabu vingi husema baada ya saa 50 za mwanzo, halafu kila saa 500 au miezi mitatu, kinachotangulia. Ndiyo maana kijitabu huwashiwa jiko wiki ya kwanza. Watu wasio na haraka ya maisha huiendesha mashine dakika chache ili oili ipate moto na itoke na uchafu wake, huizima, huchomoa plagi, hutoa upepo wote tangini, ndipo hushika spana na kufungua nati ya chini. Huacha imwagike mpaka tone la mwisho, kisha hutia mpya, ambayo kwa pampu ndogo mara nyingi haifiki hata lita moja. Wewe ongeza tu juu ya ile ya zamani. Kuongeza na kubadilisha hufanana sana ukitazama kwa mbali.

Ukilazimika kumwaga, mwaga mtaroni. Mvua ya alasiri itaichukua hadi mto Itare au Kipsonoi, kutegemea uko upande gani, kisha Sondu, kisha Ziwa Victoria, na sheria ya taka ya mwaka 2022 haitajua ilikotoka. Wapo wanaoihifadhi kwenye jerikeni wamkabidhi mkusanyaji mwenye leseni. Hao huwa na kompresa za zamani sana.

Pampu ikianza kugonga, usiifungue. Ioshe, ipake rangi mpya, uipeleke Bomet siku ya soko. Mnunuzi wako ni mzee mwenye kofia, anayeinama kabla hajauliza bei.

"Oili ulibadilisha lini?"

"Boiyot, hii mashine tangu niinunue sijawahi kuigusa."

Na hilo unaweza kuliapia.