Sifa za Barua ya Kukataliwa

Imesemwa vibaya mno, barua ile ambayo Idara ya Masuala ya Maveterani ya Marekani humpelekea askari mstaafu kumjulisha kwamba dai lake la fidia ya ulemavu limekataliwa. Kwa kuwa haina mtetezi, acha nijitolee.

Adabu yake utaiona pale inapotaja yale iliyokubali. Naam, mzee, ulikuwa jeshini. Naam, ulishinda kando ya injini za ndege. Naam, masikio yako leo ni mabovu. Yote hayo umeaminiwa, na kisheria hata atakayepitia faili baadaye hawezi kuyakana hivi hivi. Kimepungua kitu kidogo tu: daktari wa kuthibitisha kwamba injini zile na masikio haya yanafahamiana.

Tena daktari mwenyewe hadaiwi uhakika. Sheria ina huruma: ushahidi wa pande mbili ukilingana, mzee ndiye mshindi. Inatosha daktari aandike kwamba uwezekano ni nusu kwa nusu au zaidi. Ila akiandika "huenda ikawa", imekula kwake mzee. Niambie ni ofisi gani nyingine duniani inayomsoma daktari kwa makini namna hiyo.

Kukataliwa humwepusha mtu na hesabu pia. Wanaokubaliwa hukuta kwamba asilimia 50 za mgongo na 50 za goti hazifiki 100. Zinakuwa 75, maana goti hukatiwa kwenye ile nusu ya mtu iliyobaki nzima, halafu 75 inasogezwa mpaka 80. Aliyepewa sifuri halali akiwaza mambo hayo.

Halafu kuna kutafuta karatasi, mazoezi mazuri kwa wazee. Moto wa Julai 1973 karibu na St. Louis uliteketeza mafaili ya wanajeshi kati ya milioni 16 na 18. Kwa wanajeshi wa anga walioacha kazi kati ya 1947 na 1964, ulipitia hasa majina ya kuanzia Hubbard hadi Z. Bwana Adams akasalimika. Bwana Williams anazunguka akitafuta wenzake wa kikosini, walio hai, wamwandikie kwamba walimwona akiumia.

Na muda wa kukata rufaa? Mwaka mzima! Mwenye nyumba wangu hajawahi kunipa hata wiki. Tangu Februari 2019 njia ni tatu: kuleta ushahidi mpya, kumwomba afisa wa ngazi ya juu alipitie faili lile lile, au kwenda kwa jaji wa Bodi ya Rufaa. Ukianguka kwenye moja unaweza kujaribu nyingine, na ukiwahi kila mara kabla mwaka haujaisha, malipo huweza kuhesabiwa tangu siku ya dai la kwanza. Wazee wa zamani hawakuuonja utamu huu. Hadi 1988 hapakuwa na mahakama ya kupitia maamuzi hayo, na wakili alikatazwa kutoza zaidi ya dola 10, kiwango cha mwaka 1864.

Mzee akifariki kabla ya jibu, usidhani uhusiano umekatika. Mjane ana mwaka mmoja wa kuomba kuishika rufaa mahali pa marehemu. Fomu yake ipo tayari.