Chumba cha Mbele, Ghorofa ya Juu

Kwa mwenye jahazi, Unguja iko mbele ya Bagamoyo, ng'ambo ya maji ya kilomita 40 hivi. Kwa mwenye tiketi, Unguja iko Dar es Salaam. Unapanda gari kuelekea kusini kilomita 70, unapita Zinga, Kerege, Mapinga, Bunju na Tegeta, unashuka Makumbusho, unagombania gari jingine la Posta, na ndipo unapoiona tena bahari ileile uliyoiacha alfajiri nyuma ya nyumba yako.

Mama mkwe hajawahi kuikubali njia hiyo. Yeye ni mtu wa Mlingotini, binti wa nahodha aliyekuwa akivusha boriti za mikoko, na kwake safari ya Unguja huanza kwa kupandisha kanga magotini na kuingia majini. Kwa hiyo harusi ya mjukuu wa dada yake ilipopangwa kufanyika Wete, Pemba, likizo ya Desemba, swali lake la kwanza lilikuwa jahazi linaondoka saa ngapi. Tukamwambia majahazi ya pwani yetu siku hizi ni ya mizigo. Sisi tungekwenda Dar, tuvuke kwa boti ya saa mbili mpaka Unguja, kisha tupande meli ya usiku inayoshusha abiria Mkoani asubuhi. Akanyamaza. Mwenye mama mkwe anajua kwamba kunyamaza huko si kukubali.

Balaa lenyewe lilianzia kwenye neno "usiku". Meli ya usiku ina vyumba, na vyumba vikishakuwepo lazima atokee wa kuvichagua. Akatokea mjomba.

Huyu ni mjomba wa mke wangu, mdogo wake mama mkwe, aliyezeeka katika kazi ya kuwatembeza wageni kwenye magofu ya Kaole na vichochoro vya Mji Mkongwe. Ana sauti nzuri na hapungukiwi na tarehe. Zaidi ya hayo, aliwahi kwenda Kigoma akapanda MV Liemba mpaka Kasanga, daraja la kwanza, na tangu hapo hakuna chombo kinachoelea asichokijua. Ukimpa nafasi atakuhadithia Liemba yote: ilivyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ikaungwa Kigoma, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Kisha anashusha sauti: "Na mimi nilikuwa na chumba cha juu, chenye dirisha."

Basi baada ya magharibi tukakaa barazani kupanga. Kila mtu alikuwa na haja yake. Mama watoto alitaka choo ambacho mlango wake unafungika, mahali pa kutundika magauni ya harusi yasikunjamane, na soketi ya kuchajia simu. Watoto walitaka dirisha. Mimi haja yangu sikuitaja, kwa kuwa haitajiki mbele za watu: mkwe na mama mkwe hawalali chumba kimoja, iwe nchi kavu, iwe baharini. Chumba chochote ambacho angelala yeye, mimi nisingelala, na ile familia ya watu saba ilikuwa na fedha ya chumba kimoja chenye vitanda vinne. Wengine wangekaa kwenye viti.

Mjomba akatangaza uamuzi. Chumba cha VIP, ghorofa ya juu, mbele kabisa. Kina dirisha na kiyoyozi, na kiko mbali na injini.

"Mimi humo simo," akasema mama mkwe. "Nataka chini, katikati, karibu na mlango."

"Dada, chini ni joto na harufu ya dizeli."

"Leteni mwiko."

Mjukuu akauleta, wa kusongea ugali. Bibi akaulaza juu ya kidole cha shahada mpaka ukakaa sawa, kisha akaubembeza. Ncha mbili zikapanda na kushuka. Pale kwenye kidole hapakuwa na cha kupanda wala kushuka. "Hapa omo, hapa tezi. Na wewe unataka kuwalaza wajukuu zangu hapa," akagusa ncha. Kisha akausimamisha wima, akauyumbisha ubavu kwa ubavu ili mjomba aone kichwa cha mwiko kinavyokwenda mbali na shina linavyosogea kidogo tu. "Huo ndio mrama. Ukipanda juu unaufuata."

Sijapata kusikia somo la meli lililoeleweka haraka kama lile. Mjomba naye, tusimdhulumu, alikuwa na hoja yenye uzito. Mahali penye utulivu melini na mahali penye ukimya si pamoja. Injini imelazwa chini, kwa hiyo anayekwenda chini kutafuta utulivu hukutana na ngurumo, na anayepanda juu kuikimbia ngurumo hukutana na mawimbi. Hata zile meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Zanzibar, zenye vyumba vya vibaraza juu kwa bei ya kutisha, nyingi zimefungwa mapezi ya chuma ubavuni, chini ya maji, ili kuupunguza mrama. Nadhani kama juu pangekuwa shwari kwa tabia yake, wasingeyagharimia.

Mjomba hakufika huko kwenye mapezi. Alibaki kwenye dirisha, na dirisha likamponza. Mama mkwe akamkumbusha hadithi anayowauzia wageni wake kila siku, ya Emin Pasha, ambaye Desemba 1889 alikaribishwa karamu ghorofani hapahapa Bagamoyo, akatoka mezani na macho yake mabovu, akaangukia nje kupitia dirishani, akapasuka kichwa.

"Hiyo ni nyumba, dada. Meli si nyumba. Na wakubwa wote waliopita hapa walisafiri kwa heshima. Livingstone mwenyewe alivushwa kutoka hapa kwa meli mwaka 1874."

"Alikuwa maiti. Hakuulizwa kama anataka dirisha."

Tulicheka, lakini hoja yake ya mlango haikuwa ya kucheka, na hakuirefusha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, imebeba watu kupita kiasi chake. Njia ni hiyohiyo, na saa za usiku ni hizohizo. Mtu akisema anataka kulala karibu na mlango katika maji yale, mwache alale karibu na mlango.

Mwishoni kila mmoja alipata alichotaka. Mjomba akapiga simu kwa rafiki yake wa Malindi, Unguja, mimi nikamrushia fedha, chumba kikapatikana. Humo wangelala mjomba, mama watoto na watoto wetu wawili wadogo. Mama mkwe angekaa ukumbi wa chini, na mimi na mtoto mkubwa tungekuwa humohumo ukumbini, safu kadhaa nyuma yake, kwa adabu. "Tofauti ya bei," mjomba akaniambia, "tutazungumza tukirudi."

Meli sitaitaja jina. Ilifika salama na kwa saa yake, na aliyekichagua chumba si nahodha.

Nilipanda kuwasaidia mizigo nikakiona. Vitanda viwili chini, viwili juu, mashuka safi. Kiyoyozi kilijua kazi moja tu, baridi, na abiria fulani wa zamani alikuwa amekiziba mdomo kwa kipande cha kanga na plasta ya kidonda. Kanga ilikuwa bado inapepea upande mmoja. Dirisha lilikuwepo kweli. Nje yake, kiasi cha hatua moja, palifungwa pipa kubwa jeupe, yale yanayohifadhi maboti ya kujiokolea, na pipa hilo ndilo lililokuwa mandhari yote. Mtoto wa kati alilitazama kwa muda, akauliza kama bahari iko nyuma yake. Komeo la dirisha lilipakwa rangi pamoja na fremu, halikufunguka. Chini ya sakafu palikuwa na jiko la mgahawa, nadhani kwenye chapati. Juu ya dari, abiria wa sitaha walikuwa wakitandika mikeka na watoto wao wakikimbizana. Huo ndio ukimya tuliolipia.

Ukumbi wa chini, kwa upande wake, ulikuwa na televisheni inayopiga kelele na viti vya kuchakaa. Mama mkwe alichagua safu ya katikati, hatua chache kutoka mlangoni, akamwita baharia: "Mwanangu, hebu nioneshe majaketi yako wapi." Kijana akaonesha kabati kwa kidole. "Lifungue." Akalifungua. Alipoyaona kwa macho yake, akatandika mkeka baina ya viti, akajifunika kanga, akalala. Injini ilinguruma chini yetu, ngurumo moja isiyopanda wala kushuka, na baada ya robo saa sikuisikia tena.

Mwanzo meli ilikwenda kama iko bandarini, na hilo nalo lina sababu. Desemba ni kaskazi. Upepo unatoka kaskazini mashariki, na meli inayopita magharibi ya Unguja imekingwa na kisiwa kizima. Mjomba hakuijua sababu hiyo, au aliisahau. Alishuka saa tano usiku, kijiti mdomoni, akamwinamia dada yake: "Huko juu ni Ulaya." Mama mkwe hakufumbua macho. Akauliza tu, "Tumeshaipita Nungwi?"

Tulikuwa hatujaipita. Tulipoipita, kinga ikaisha, na meli ikaanza kuyapokea mawimbi ya kaskazi kwa omo. Chini tulihisi kama mtu anayevuta pumzi ndefu na kuitoa. Juu mbele, walivyonieleza baadaye, kitanda kilikuwa kinanyanyuka mpaka tumbo linabaki nyuma, kinatulia kidogo hewani, kisha kinaporomoka na kishindo cha bati.

Sasa, mama watoto alikuwa amembebea bibi harusi chupa kubwa ya marashi ya mawaridi, akaiweka kitanda cha juu, ndani ya kikapu, akiamini kwamba juu ndipo salama. Wimbi la tatu au la nne likaishusha. Ikapasukia sakafuni. Dirisha halifunguki, kiyoyozi kimezibwa, jikoni wanakaanga.

Wa kwanza kutokea ukumbini alikuwa mtoto wa kati, amesimama kwenye ngazi na rangi ya uso imemtoka. "Baba," akasema, "chumba kinanuka harusi." Kisha akatapika.

Nyuma yake akaja mama watoto, kitinda mimba begani, mfuko wa magauni mkono wa pili, hasemi neno. Akajilaza mkekani ubavuni kwa mama yake kama msichana. Mjomba alikawia. Heshima ya Liemba ilimshikilia kule juu peke yake kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, halafu akaonekana, akishuka ngazi kinyumenyume, mikono miwili ukutani na kofia yake ya vito ameishika kama bakuli. Yaliyokuwa ndani ya kofia hatukuuliza.

Mama mkwe akaamka. Katika kikapu chake kulikuwa na ndimu, tangawizi iliyokwisha kumenywa, na mifuko ya plastiki aliyoikunja vizuri. Yote haya aliyafungasha Bagamoyo bila kumwambia mtu. Akamlaza mdogo wake chali, kichwa upande wa katikati ya meli, akamwambia afumbe macho, asitazame televisheni, asimeze mate kwa pupa, anyonye tangawizi taratibu. Alimhudumia vizuri kuliko sisi sote. Mjomba alipotulia, akamwinamia sikioni.

"Na Liemba nayo ilikuwa hivi?"

Chumba kikalala peke yake mpaka Mkoani. Asubuhi nilipanda kuchukua mabegi, nikapokewa na mawaridi tangu kwenye korido. Baharia aliyekuwa akipiga deki alinitazama kwa huzuni.

Harusi ilifana. Magauni yalikunjamana, hakuna aliyeona. Tiketi za kurudi alizisimamia mama mkwe mwenyewe: viti, ukumbi wa chini, katikati, wote saba. Mjomba alikaa karibu na kabati la majaketi na hakusema kitu mpaka Malindi. Mwaka huu nasikia ana wageni wanaotaka kwenda Pemba, na ameshaanza kuwaeleza kuhusu omo na tezi, akitumia mwiko.

Mjomba, shikamoo. Marashi nimesamehe, hayo ni ya bibi harusi. Lakini tofauti ya nauli ya chumba na ya viti, kwa watu wanne, ulisema tutazungumza tukirudi Bagamoyo. Tumerudi tangu Januari.