Amepewa! Hatimaye Amepewa!

Kwa karibu miaka 40, jina la Peter Tino lilivuma Tanzania siku ambazo Taifa Stars imeboronga. Timu ikishindwa kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika, wachambuzi wanamtoa kabatini na kumfuta vumbi: mara ya mwisho tulifuzu lini? Mwaka 1979, kule Ndola, Tino aliposawazisha dakika za lala salama. Miaka miwili ikipita, Stars inaboronga tena na yeye anatolewa tena. Sifa zake zikageuka fimbo ya kuwachapia vijana, lakini mwenyewe hakuna aliyemuuliza kama amekula.

Jambo hilo lilimkera kupita kiasi fundi cherehani mmoja wa Mazwi, Sumbawanga. Mteja akileta suruali ya kupunguzwa, anapimwa kiuno huku anahojiwa: "Nani aliipeleka Tanzania Lagos mwaka 1980?" Aliyejibu sawasawa alipata punguzo la bei. Aliyejibu "Samatta", ambaye kazaliwa mwaka 1992, suruali yake ilikaa mpaka asahau aliileta kwa nini.

Uchungu huo una historia. Jumapili ya 26 Agosti 1979, fundi alikuwa mtoto wa shule kwenye kijiji kimoja cha Ufipa, msimu ule wa upepo mkavu na baridi inayopasua midomo. Vita vya Kagera vilikuwa vimetoka kuisha, duka halina sabuni, na televisheni Tanzania Bara ilikuwa bado haijaanza. Kulikuwa na redio ya baba yake mdogo, yenye betri zilizoanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Stars ilikuwa imeshinda 1-0 Dar es Salaam, hivyo Ndola ilihitaji sare tu. Zambia ikatangulia kufunga. Sauti ya mtangazaji nayo ikaanza kufifia. Betri zikatolewa, zikasuguliwa, zikang'atwa kwa meno, zikarudishwa. Redio ikakohoa mara moja, ikakata roho.

Watoto walilala wakijua mambo yameharibika. Kesho yake mashineni, dereva wa lori akawaambia wenye foleni kwamba mpira uliisha 1-1, kafunga Tino, tunakwenda Nigeria. Mtoto yule aliruka kwa furaha na kutua juu ya debe la unga la shangazi yake. Stars ikaenda Lagos. Yeye akaenda kuchapwa.

Tangu hapo aliona kwamba taifa lina deni kwa Tino, na labda kwake pia.

Deni lilianza kulipwa tarehe 24 Machi 2019, Jumapili nyingine. Stars iliifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam kwa mabao ya Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris, ikafuzu baada ya kusubiri miaka 39. Kesho yake Rais John Magufuli aliwaita wachezaji Ikulu na kuwaahidi viwanja Dodoma. Peter Tino naye alikuwapo, akapewa shilingi milioni 5. Zawadi ya kufuzu ikamfikia siku moja baada ya wengine kufuzu.

Habari hiyo ilimkuta fundi msibani. Alikuwa amekaa na wazee wa ukoo, koti limefungwa hadi shingoni, na ndani ya koti simu ya tochi ikimpa taarifa ya habari kwa sikio moja. Wazee walikuwa wamefika penye mambo mazito: ng'ombe wa marehemu. Kimya kimetanda, kila mtu anasubiri mwenzake aanze. Ghafla fundi akasimama, ngumi juu.

"Amepewa! Hatimaye amepewa!"

"Nani kapewa?" akauliza mtoto mkubwa wa marehemu, naye kasimama. "Ng'ombe hatujagawa!"

"Tino! Milioni tano!"

Hapo ndipo palipoharibika kabisa. Upande mmoja ulidai hizo milioni tano zilifichwa. Upande wa pili ukataka kujua huyo Tino ni wa tumbo la mke mkubwa au la mke mdogo, na mbona hakuja kuzika. Fundi alieleza habari za Ndola kuanzia betri mpaka debe la unga, lakini kila alivyoeleza ndivyo Tino alivyozidi kuonekana mrithi. Kikao kiliahirishwa.

Fainali za 2019 Misri, Stars ilipoteza mechi zote tatu. Kwa hiyo Jumapili ya 21 Januari 2024, Stars ilipokutana na Zambia mjini San Pédro, Ivory Coast, ulitafutwa ushindi wa kwanza kabisa katika fainali hizo. Safari hii fundi alikuwa na televisheni yake, ingawa Rukwa haikuwa bado kwenye gridi ya taifa na umeme wa Sumbawanga ulinunuliwa kutoka Zambia. Alipenda jambo hilo: Wazambia wafungwe, na umeme wa kuonyesha wanavyofungwa watoe wenyewe. Dakika ya 11 Msuva akafunga. Kipindi cha kwanza hakijaisha, Zambia wakabaki kumi.

Dakika ya 80 hivi, nyumba ikawa giza.

"Mjomba, shikamoo," ikasema sauti ya mpwa wake kutoka chumba cha pili, salamu isiyo na sababu saa nne kasoro za usiku. Alikuwa anapiga pasi sare za shule za wadogo zake wote, na pasi ilikuwa imemaliza uniti. Fundi hakukasirika. Alilala mshindi.

Asubuhi alibandika mlangoni kibao kilichoandikwa kwa chaki ya cherehani: LEO PUNGUZO LA USHINDI. Mteja wa kwanza alikisoma, akacheka mpaka akashika ukuta. Patson Daka alikuwa amesawazisha dakika ya 88. Matokeo 1-1, yaleyale ya Ndola.

"Punguzo limefutwa," akasema fundi.

"Limeandikwa, fundi. Limeandikwa na wewe mwenyewe!"

Foleni nyuma yake ikaunga mkono. Baada ya mvutano mrefu wakakubaliana kwamba, kwa kuwa ni sare, litolewe nusu ya punguzo, na atakayeweza kutaja mfungaji wa Ndola apewe lote. Foleni nzima ikajibu kwa pamoja.