Hata Kufikiri Kuna Gramu

Mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu akipeleka mawe kwenye karasha, habanduki mpaka yasagwe yote. Akiletewa ankara ya wakili, anatoa macho tu: “kupokea simu”, “nauli ya Shinyanga”, “kufikiri”. Kumbe kufikiri nako kuna gramu zake! Mwaka 2017 kampuni ya Acacia, wenye migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, walidaiwa kodi dola bilioni 190. Mwishowe Barrick, kampuni mama yao, wakapatana na serikali kwa dola milioni 300. Wakubwa wanapunguziana, wewe mwenye duara moja unaona haya kuhoji ankara ya wakili? Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015. Chini yake, ankara inaweza kupimwa na msajili wa Mahakama Kuu, na ikikatwa zaidi ya sehemu moja ya sita, aliyeileta hapati gharama za upimaji huo.