Mkanda wa Babu na Sufuria la Makongoro

Kati ya vitu alivyoniachia marehemu babu mzaa mama, kinyozi wa Tanga aliyenyoa watu mpaka macho yalipokataa, kilichonisumbua zaidi ni kipande cha ngozi. Wembe wenyewe hauna neno. Ni chuma cha Solingen, Ujerumani, na ukishakunjwa ndani ya mpini wake hauombi kitu. Shida ni mkanda wa kuunolea: ngozi ya ng'ombe yenye upana wa vidole vinne, nyuma yake utepe wa turubai, juu kulabu ya kuutundikia ukutani. Kila mtu nyumbani kwangu ana dawa yake ya kuutibu, ingawa hakuna aliyewahi kuusikia ukilalamika.

Kwa wasioujua: wembe hupata makali kwenye jiwe. Kazi ya mkanda ni kuyanyoosha tu, maana makali ni membamba mno na kila ukinyoa hupinda kidogo, hata kama jicho halioni. Unauvuta mkanda ukakamae, unaulaza wembe bapa, unausukuma mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza juu ya mgongo wake, unarudi. Turubai kwanza, ngozi baadaye. Ukitanguliza makali umeuchinja mkanda. Huu wetu una kovu moja la namna hiyo karibu na kulabu. Ukoo mzima husema ni la mjomba enzi anajifunza kazi, na mjomba husema ni la babu.

Tangu mwaka 1904, King Camp Gillette alipopata hataza ya wembe wake wa kubadilisha huko Marekani, mikanda hii ilianza kukosa kazi. Siku hizi kinyozi wa mtaani anakufungulia wembe mpya mbele ya macho yako, na kiafya ni jambo jema kabisa. Lakini ndiyo maana mkanda ukiwa ukutani, watu huukisia kazi nyingine. Mwanangu wa kiume alipouona sebuleni alisalimia wageni bila kukumbushwa, akamaliza kazi za shule kabla ya magharibi, na hata akala mchicha. Nilitaka kumweleza ukweli. Mama yake akanikanyaga mguu chini ya meza.

Masika yakaingia. Tanga wakati wa masika hata kiatu ulichokivaa jana huota koga, sembuse ngozi iliyotundikwa. Dawa ya koga ni kitambaa kikavu na kivuli chenye upepo. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, akaona tunazembea. Akauanika juani, juu ya bati, saa sita mchana. Ulipoteremshwa ulikuwa umejikunja kama papa wa ng'onda.

"Si umekauka?" akaniuliza.

"Umekauka, mama. Ahsante sana."

Ungesema nini wewe?

Hapo ndipo mafuta yalipoanza. Mke wangu akaupaka mafuta ya nazi, kwa hoja kwamba yamewafaa wanawake wa pwani vizazi na vizazi. Ngozi ya mkanda, kwa bahati mbaya, haitakiwi kuwa nyororo hivyo. Ikilainika, wembe huzama ndani yake, na makali badala ya kunyooka yanaviringika. Jirani akashauri dawa ya viatu. Nilimshukuru nikafunga mlango.

Shemeji yangu, ambaye simu yake humfundisha kitu kipya kila usiku, akaja na habari kwamba Wazungu hutunza ngozi kwa mafuta ya miguu ya ng'ombe. Na ni kweli. Huchemsha miundi na miguu, wakaengua mafuta yanayoelea. Nayo hayagandi upesi, kwa sababu miguu ya mnyama ni baridi kuliko kiwiliwili, na mafuta yake yameumbwa kubaki laini kwenye baridi hiyo. Shemeji alipofika kwenye neno miguu, akaacha kusoma.

"Si makongoro hayo?"

Jikoni kulikuwa na sufuria lake, tangu alfajiri. Mafuta yalielea juu, ya manjano, yakimeremeta kwa macho madogomadogo. Ila Wazungu hawatii kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, chumvi na pilipili manga. Shemeji akaengua kwa upawa, akapuliza, akaonja kwanza (hili sijalielewa mpaka leo), kisha akaukanda mkanda kwa mikono miwili mpaka ukanywa wote. Akaunolea wembe palepale, akajinyoa. Ijumaa, msikitini, waliokaa karibu naye walisogea kidogo wakidhani ametoka kwenye shughuli.

Usiku paka wakaja. Sijui ni wangapi. Nilisikia tu kulabu ikigonga ukuta, kisha kitu kizito kikiburutwa uani. Asubuhi mkanda ulikutwa kwenye banda la kuku, umerambwa upande mmoja ukang'aa kuliko ulivyowahi kung'aa mikononi mwa babu.

Mjomba alipoitwa aliunusa, akauliza kama supu ilibaki. Alipokwisha kula ndipo akaushughulikia. Akaufuta kwa povu zito la sabuni na kitambaa kibichi kidogo tu, akautundika kivulini. Ulipokauka akaanza kuupitisha kiganja, juu chini, juu chini, akizungumza mambo ya mpira. Kiganja kina joto na mafuta yake kidogo, akasema, na hicho ndicho chakula cha kila siku cha ngozi hii. Mafuta ya chupa ni tone moja au mawili tu, tena siku ukiona imekauka kweli, na usiinolee wembe mpaka iyanywe yote. "Babu yako alikuwa akiupiga kiganja huku anamsubiri mteja," akasema. "Na lile kovu ni lake, andika."

Nimeandika.

Zilibaki alama za meno ya paka na uso uliokwaruzika. Kwa kazi hiyo vinyozi wa zamani walitumia jiwe jepesi lenye matundu, wakasugua polepole bila kukandamiza. Mjomba akatazama huku na huku, akaliona moja dirishani bafuni. Lilifanya kazi safi kabisa.

"Nani amechukua jiwe langu la visigino?" mke wangu akaita jioni. "Mbona linanuka makongoro?"

Nikamwambia amuulize kaka yake.