Marejeo Ni Ngamani

Kuna chumba katika meli za kitalii ambacho hakuna anayekipiga picha akawatumia jamaa. Kiko sitaha za chini, katikati ya meli, na ukubwa wake hauzidi stoo ya duka la Makadara. Hakina dirisha. Ukizima taa hujui kama macho umeyafumba au umeyafumbua. Wauza tiketi hukitaja mwisho, kwa sauti ya kuomba radhi, kama mwenye nyumba anayekuonyesha choo. Ndicho ninachokuja kukisifu leo, na nakisifu kwa uchungu wa mtu aliyepokonywa chake kwa jina la hisani.

Wazee wa pwani walisema: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni utatanga weee, mwisho utarudi ulikotoka. Sina ugomvi na walimu. Ila mimi naamini aliyeitoa methali hii mara ya kwanza alikuwa baharia mwenye kigegezi, aliyelala tezini akatikiswa, akahamia omoni akarushwa, kisha akateremka ngamani, kwenye maji machafu na harufu ya papa mkavu, akapata usingizi. Methali ile ni ushauri wa kuchagua chumba.

Na ushauri wenyewe hauna kosa. Meli inapoyumba ubavuni, mhimili wa kuyumba kwake uko huko chini, karibu na maji, kwa hiyo kila sitaha unayopanda ni sawa na kuparaga mlingoti. Pembe ya kuinama ni ileile kwa wote, lakini wa juu husafirishwa mbali zaidi, kwenda na kurudi. Omo nayo inapopanda wimbi na kuzama, mchezo ni ule wa ubao wa kubembea: watoto wa miishoni wanapaa na kushuka, aliyekaa katikati hana habari. Meli za siku hizi zina mapezi ya chuma yanayotokeza ubavuni chini ya maji, na yanapunguza sana kule kuyumba kwa ubavu. Lakini kwa kule kuinama na kuinuka kwa omo mapezi hayana dawa. Icon of the Seas, iliyoanza kuchukua abiria Januari 2024, ina sitaha 20, na kule juu ndiko vilikorundikwa vyumba vya bei kali. Yaani bahari ikichafuka, aliyelipa zaidi ndiye anayepembezwa zaidi. Sijui biashara nyingine yenye haki ya namna hii.

Zamani matajiri walilijua jambo hili. Katika Titanic, mwaka 1912, daraja la kwanza lilishika katikati ya meli. Daraja la tatu walisukumiwa miishoni: wanaume wasio na familia omoni, wanawake na wenye watoto tezini. Wazee wa Mombasa wanaozikumbuka Karanja na Kampala, meli za British India zilizokuwa zikija kutoka Bombay, watakuambia habari za abiria wa sitaha, waliopanda na matandiko yao na kulala popote palipobaki. Kitovu cha meli kilikuwa cha wakubwa. Kisha ikaja roshani. Kila mtu akataka kunywa kahawa juu ya maji akiwa amevaa joho la kuogea, matajiri wakakifuata kiti cha nje hadi juu angani, na kitovu kikabaki wazi. Tukakirithi sisi, kwa bei ya chini kuliko zote.

Nilikilalia kwa mara ya kwanza katika safari ya Mediterania. Usiku wa kwanza nililala saa nne, nikaamka nikiwa na hakika kwamba bado ni usiku, nikageuka upande wa pili. Nilipotazama simu ilikuwa saa tano asubuhi na meza ya kifungua kinywa ilikwisha kuondolewa. Tangu nizae sijapata kulala hivyo. Wenye roshani waliniambia mezani kwamba wameona jua likichomoza. Nikawapa pole.

Watasema hakina hewa. Kina hewa ileile ya mabomba inayokwenda kwa mwenye chumba cha kifalme. Watasema huwezi kukaa mle mchana kutwa. Hiyo ndiyo sifa yake: kinakufukuza, unatoka, unaiona meli uliyoilipia. Watasema hujui hali ya nje. Televisheni ya chumbani ina idhaa moja ya kamera iliyofungwa omoni. Ukiiacha imewaka bila sauti, unapata dirisha na taa ya usiku kwa pamoja, na ukichoka nayo unaizima. Nani amewahi kuizima roshani? Kwa kweli, hata makampuni yameanza kukionea wivu kile kiza. Mwaka 2011 meli ya Disney Dream ilitiwa vyumba vya ndani vyenye vidirisha vya duara vya kioo cha video, vinavyoonyesha bahari ya wakati ule ule, na mara mojamoja samaki wa katuni anakatiza. Miaka michache baadaye Royal Caribbean wakaweka roshani za uongo, skrini kutoka sakafuni hadi darini. Ndivyo ulimwengu ulivyo: maskini akigundua raha kidogo, inatafutwa namna ya kumtilia taa.

Jambo moja lazima niliseme, nisije nikaonekana nimelewa sifa. Chini zaidi ya chumba changu hulala wafanyakazi, Wafilipino, Waindonesia, Wahindi na wengineo, wawili-wawili katika vyumba visivyo na dirisha, kwa miezi mfululizo. Kijana aliyekuwa akitutandikia kitanda alinisikia nikikisifu chumba akacheka kwa adabu. Giza la siku kumi ni anasa. La miezi tisa ni kazi.

Sasa nije kwenye msiba wenyewe.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, anaishi Hamburg, akatualika twende naye Norwei mwezi wa Juni: Geiranger, Tromsø, hadi Honningsvåg karibu na Rasi ya Kaskazini, kwenye digrii 71. Nikakaa na ramani ya meli kama mtu anayechagua kiwanja. Juu ya chumba kuwe na vyumba, chini yake kuwe na vyumba. Kusiwe na ukumbi wa muziki, wala jiko, wala lifti, wala mlango wa kuunganisha na chumba cha jirani ambaye watoto wake hulia. Kisiwe omoni, kwa mnyororo wa nanga na zile rafadha za pembeni zinazounguruma alfajiri meli inapojisogeza gatini. Nikakipata. Sitaha ya 4, katikati, bila dirisha. Nikakilipia bei kamili ya kuchagua mwenyewe, si ile tiketi ya rahisi ambayo kampuni inasema "tutakuchagulia sisi", kwa maana huyo anayechagua hakuchagulii wewe.

Wiki tatu kabla ya safari ikaja barua pepe yenye alama tatu za mshangao. Hongera!!! Tumepandishwa daraja, bila malipo: sitaha ya 12, omoni kabisa, chenye roshani. Niliisoma kama mwalimu anayesoma barua ya uhamisho wa kwenda wilaya asiyoijua.

Shemeji akapiga simu kabla sijampigia. "Shemeji, una bahati ya mtende!"

"Nakuomba uwaambie wanirudishie changu."

Kimya. Kisha, taratibu: "Shemeji, unaumwa?"

Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza, akadakia. "Watu wanaomba dua waipate roshani, wewe unaomba dua uondolewe?"

Shemeji, kwa kuwa ana adabu, alipiga. Akaambiwa chumba kile kimekwisha uzwa. Bila shaka kimeuzwa! Hapo ndipo panapofichwa siri ya hisani hii. Vyumba vya bei nafuu hugombewa, vya bei ya juu hubaki. Kampuni inamchukua aliyekwisha lipa, inampandisha kwenye kile kilichokosa mnunuzi, kisha inauza kile chake kwa mwingine. Mimi nilikuwa mzigo uliohamishwa rafu, na nikatakiwa kushukuru.

Siku ya kuondoka tulishuka mto Elbe kwa saa kadhaa, karibu kilomita 100 hadi baharini, maji yametulia kama mchuzi uliopoa. Mke wangu aliketi roshani na kikombe cha chai. Mombasa nzima ilipata picha. Hata mimi nilianza kujilaumu.

Saa nane za usiku Bahari ya Kaskazini ikajitambulisha. Kwanza vitundikio vya nguo kabatini vikaanza kugongana, ka-ka-ka, kama kwaya inayotafuta sauti. Kisha bilauri ya bafuni ikateleza upande huu, ikafikiri, ikateleza upande ule. Halafu omo ikainuka, ikakaa juu kitambo, na ikatuachia. Mlango wa roshani ulikuwa umefungwa kwa amri ya nahodha kwa sababu ya upepo, kwa hiyo ule uwanja wetu tuliopewa bure tulikuwa tukiutazama kwa kioo, kiti kimoja kimelala chali. Katikati ya giza mke wangu akauliza kwa sauti ndogo: "Kile chumba chako kilikuwa sitaha ya ngapi?"

Kumi na mbili asubuhi, bahari ikiwa imeanza kutulia, tukagundua kilichokuwa juu ya dari yetu. Ukumbi wa mazoezi. Mtu mmoja, ambaye mpaka leo sijamwona uso, alikuwa na desturi ya kunyanyua vyuma na kuviachia.

Tulipovuka mzingo wa Aktiki ikaja balaa la tatu, nalo ni jua. Rasi ya Kaskazini jua halizami tangu katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai. Linazunguka tu, kama mgeni asiyejua kuaga. Chumba cha omoni kina kioo kizima, na pazia zake hazikutani katikati. Pana upenyo wa vidole viwili, na kwenye upenyo huo saa saba za usiku ulipita mwanga wa adhuhuri ukatua kwenye kope zangu. Mke wangu akatoa pini zake za mtandio, zote, akalibana pazia kuanzia juu hadi chini. Asubuhi hakuwa na cha kubania mtandio. Tukawa tunagawana: pini mchana za kichwa, usiku za dirisha. Swala ya Magharibi mahali pasipo magharibi tuliifuata kwa ratiba aliyotupa imamu wa msikiti wa shemeji, na kibla tulikitafuta kwa dira ya simu, kusini kukichepuka kidogo mashariki, huku meli ikijigeuza polepole ndani ya ghuba nyembamba. Nilianza rakaa nikielekea Makka, nikatoa salamu nikiuelekea mlima.

Yote hayo yanatokea, na sitaha nane chini yangu kuna giza nililolichagua kwa mkono wangu.

Siku ya sita sikuvumilia. Nilishuka kwa ngazi hadi sitaha ya 4, nikatembea kwenye ule ujia wake wa zulia la buluu, nikakikuta. Nilisimama mbele ya mlango kama mtu anayepita kwenye shamba la babu lililouzwa na wajomba. Mlango ukafunguka, wakatoka bwana na bibi wa Kijerumani, wazee, mashavu mekundu, wamelala wakatosheka. Nyuma yao niliona giza lile kwa nukta moja kabla mlango haujafunga. Bibi akaniuliza kwa Kiingereza kama nimepotea. Nikamwambia ndiyo.

Basi wewe msomaji unayepanga safari, sikia. Katika fomu nyingi za kukata tiketi, au kwa wakala wako, ipo namna ya kuandikisha kwamba hutaki kupandishwa daraja. Andikisha. Usiridhike na ahadi ya mdomo, na ikija barua yenye alama za mshangao, ifungue kabla hujafurahi, uangalie sitaha, uangalie omo au tezi, uangalie juu ya dari pana nini. Ukiona umepewa roshani nyuma ya mashua za kuokolea, ujue utakunywa chai ukitazama tumbo la mashua.

Sisi tumekwisha lipia safari ya mwakani. Sitaha ya 4, katikati, bila dirisha. Shemeji amechukua roshani juu, na hatukumshauri kitu. Fomu ameijaza mke wangu mwenyewe, na penye nafasi ya maombi maalumu ameandika kwa Kiingereza, kisha akamtaka nduguye aongeze kwa Kijerumani, kwamba tusipandishwe popote.